Saratani ya Kongosho na Hisabu ya Vifo Vyake, Nchi kwa Nchi

Nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo, kimelala kiungo chenye urefu upatao shubiri moja, ambacho kwa zama nyingi matabibu hawakukishughulikia sana kwa kuwa hakionekani wala hakipapasiki kwa mkono juu ya ngozi. Nacho ni kongosho, chenye kazi ya kumimina maji ya kusagia chakula ndani ya utumbo, na kutia katika damu insulini ya kuratibu sukari. Kufichika huko ndiko kunakoifanya saratani ya kongosho kuwa ya hila kupita aghalabu ya saratani nyingine: uvimbe hukua kimya, mwenyewe hana jeraha wala homa, na siku macho yanapogeuka manjano, au maumivu ya tumbo yanapopenya hadi mgongoni, mara nyingi maradhi yamekwisha kuizinga mishipa mikubwa ya damu au kufika kwenye ini. Katika nchi zenye hospitali bora kabisa, ni wagonjwa 15 hadi 20 tu katika kila 100 ambao hugunduliwa mapema kiasi cha kuweza kupasuliwa kwa matumaini ya kupona.

Mwaka 2022, kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, watu wapatao 511,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na watu wapatao 467,000 walikufa kwayo, ikawa ni ya sita katika saratani zinazoua watu wengi zaidi ilhali katika wingi wa wagonjwa wapya haimo hata katika kumi za mwanzo. Anayezitazama hesabu hizo mbili zikikaribiana namna hiyo hupata faida moja ya elimu ndani ya msiba huu: kwa saratani ya matiti au ya tezi dume, kiwango cha vifo cha nchi hutuambia mambo mawili yaliyochanganyika, yaani wingi wa maradhi na ubora wa tiba, lakini kwa saratani ya kongosho, maadamu wengi wanaougua hufa, na wengi wao kabla ya mwaka kutimia, kiwango cha vifo karibu chote ni habari ya wingi wa maradhi yenyewe. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini mji huu unazika wengi kuliko ule, swali lake hasa ni hili: kwa nini mji huu unaugua zaidi? Nami naona jibu la swali hilo limefichwa chini ya matabaka matatu, umri wa watu, uaminifu wa daftari, na desturi za maisha, na kwamba sisi wa Afrika ya Mashariki tumezoea kujifariji kwa udogo wa namba zetu bila kuyafunua matabaka mawili ya kwanza.

Tuanze na umri. Saratani ya kongosho ni maradhi ya uzeeni. Mgonjwa wa katikati kwa umri huwa na miaka kama 70, na walio chini ya 40 ni wachache mno. Nusu ya watu wa Tanzania hawajapita miaka 18 au inayokaribia hapo, ilhali nusu ya watu wa Japani wamekwisha kupita 48. Ukichukua vifo vyote vya Japani ukavigawa kwa watu wote wa Japani, kisha ukafanya vivyo hivyo kwa Tanzania, utakuwa umewapima wazee kwa mizani ya watoto. Ili kuondoa dhuluma hiyo ya hesabu, tabibu wa Kijapani Mitsuo Segi, aliyekuwa akifanya kazi Sendai, alipendekeza mnamo mwaka 1960 umma wa kubuni wenye mafungu maalumu ya umri, ambao Richard Doll wa Uingereza na wenzake waliurekebisha mwaka 1966. Na hadi leo viwango vya nchi mbalimbali hulinganishwa kana kwamba kila nchi ina umma huo mmoja.

Hata baada ya kusawazisha umri kwa njia hiyo, tofauti haziondoki. Nchi za Amerika ya Kaskazini, Ulaya ya magharibi na ya mashariki, hususa Hungaria, pamoja na Uruguay na Japani, zimo katika safu ya juu kabisa, na nchi nyingi za Afrika na za kusini mwa Asia zimo chini, pengo likiwa la mara nne au tano. Kadhalika zama zimebadilika: mwaka 1990 waliokufa duniani walikadiriwa kuwa 196,000, na mwaka 2017 wakawa 441,000. Ongezeko hilo linatisha, lakini sehemu yake kubwa ni kuongezeka kwa watu na kurefuka kwa umri. Kiwango kilichosawazishwa kilipanda kwa kiasi kidogo tu. Walakini ongezeko dogo la kiwango katika maradhi yasiyo na dawa ya yakini ni jambo zito, hasa ikikumbukwa kwamba katika miaka hiyohiyo saratani ya tumbo, iliyokuwa ikiua umati wa watu Asia na Ulaya, ilikuwa ikishuka bila kusita, na ile ya mapafu ilikwisha kuanza kushuka kwa wanaume wa nchi tajiri.

Sasa, je, tofauti hizo ni za nasaba au za mahali? Ushahidi wa wahamiaji ndio unaojibu vizuri zaidi. Mwaka 1968 William Haenszel na Minoru Kurihara walichapisha uchunguzi wao wa vifo vya Wajapani waliohamia Marekani, ukawa ni mfano kwa wote waliofuata. Na mintarafu ya kongosho, wahamiaji hao walionekana kufa kwa kiwango cha juu kuliko ndugu zao waliobaki Japani, ambako wakati ule maradhi haya yalikuwa machache. Damu ilikuwa ileile, bahari tu ndiyo iliyovukwa. Kisha Japani yenyewe, katika nusu ya pili ya karne ya 20, ikabadili maakuli, kazi na uvutaji wake, na viwango vyake vikapanda vikakutana na vya Marekani, kana kwamba waliobaki nyumbani nao walihama bila kuondoka.

Ushahidi wa pili unatugusa sisi zaidi. Wamarekani weusi, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika, wamekuwa kwa miongo mingi wakifa kwa saratani ya kongosho kupita Wamarekani weupe, wanaume kwa wanawake. Mtu aliyesoma habari hiyo peke yake angeweza kudhani kwamba weusi wana udhaifu fulani wa maumbile. Lakini viwango vilivyoandikwa barani Afrika ni miongoni mwa vya chini duniani. Hata tukikubali kwamba daftari za Afrika zinapunguza hesabu, dhana ya nasaba haiwezi kubeba pengo lote hilo. Linalobaki ni uvutaji, kisukari, unene, umaskini, na kucheleweshwa kwa tiba, mambo ambayo mtu huyakuta pale anapoishi.

Katika hayo, tumbaku ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko yote. Mvutaji wa sigara hujiongezea hatari ya saratani hii karibu mara mbili, na kiasi cha robo au moja ya tano ya wagonjwa katika nchi za wavutaji huhesabiwa kuwa ni zao la sigara. Anayeacha, hatari yake hupungua polepole, mpaka baada ya miaka 10 hadi 20 hukaribia ya mtu asiyevuta kamwe. Tazama jinsi jambo hili linavyojionyesha katika nyakati. Mwezi Januari mwaka 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, alitoa ripoti yake mashuhuri juu ya sigara na siha, na wanaume weupe, waliokuwa wa kwanza kuanza uvutaji, wakawa pia wa kwanza kuupunguza. Katika takwimu za nchi hiyo vifo vyao vya saratani ya kongosho vilishuka pole kwa pole kutoka mwaka 1970 hadi 1995, kiasi cha asilimia 0.7 kila mwaka. Wanawake weupe, ambao waliichukua sigara baadaye, hawakuonja nafuu hiyo: kiwango chao kilipanda kidogo, kikasimama, kisha kikapanda tena. Weusi walipanda hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndipo wakaanza kushuka.

Lililo la kuhuzunisha ni kwamba baada ya mwaka 1995 mstari wa wanaume weupe uligeuka, ukaanza kupanda asilimia 0.4 kila mwaka, ingawa wavutaji waliendelea kupungua. Wachunguzi wengi huelekeza kidole kwenye unene na kisukari, ambavyo viliongezeka nchini humo katika zama hizohizo, nami nadhani wana haki, ijapokuwa hapana budi kukiri kwamba mashine bora za kupiga picha za ndani ya mwili nazo ziliwafichua wagonjwa ambao zamani wangeandikwa kuwa wamekufa kwa saratani isiyojulikana chimbuko lake. Yaani faida iliyopatikana kwa kuacha sigara ililiwa na hasara ya sukari na mafuta.

Kuna nyumba moja ambayo dunia nzima ilipata kuiona ikipigwa na maradhi haya. Earl Carter, mkulima wa Plains katika jimbo la Georgia, alikufa kwa saratani ya kongosho mwaka 1953. Binti yake Ruth akafuata mwaka 1983, mwanawe Billy mwaka 1988, na binti yake mwingine, Gloria, mwaka 1990, wala katika hao wanne hakuna aliyefika miaka 65. Aliyebaki katika watoto wanne alikuwa Jimmy, aliyepata kuwa rais wa Marekani, naye alifariki Desemba mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 100. Yeye mwenyewe alieleza kwamba tofauti aliyoiona baina yake na wenziwe ni kuwa wao walivuta sigara na yeye hakuvuta. Nyumba moja haithibitishi sheria ya maumbile, na huenda palikuwa na urithi wa damu uliowaweka hatarini wote watano, kwani wako watu, wachache lakini wa hakika, wanaorithi kasoro za jeni kama ile ya BRCA2 na wakawa wepesi wa kupatwa. Lakini nyumba hiyo huonyesha jinsi urithi na desturi zinavyoshikana, na jinsi hata aliyezaliwa na hatari anavyoweza kuwa na nafasi ya kujihami.

Tukitoka kwenye nchi nzima tukaingia kwenye wilaya na tarafa, uchambuzi unakuwa mgumu zaidi na wenye manufaa zaidi. Mwaka 1975 taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilichapisha atlasi ya vifo vya saratani, wilaya kwa wilaya, kwa miaka ya 1950 hadi 1969, na macho ya wachunguzi yakavutwa na kusini mwa Louisiana, nchi ya vinamasi na mito, ambako vifo vya saratani ya kongosho vilizidi vya majirani. Wengi wa wakazi wa huko ni Wakejuni, wazao wa Wafaransa waliofukuzwa Kanada na Waingereza kuanzia mwaka 1755, wenye lugha, mapishi na ndoa zao wenyewe. Shuku za kwanza zilielekea kwenye viwanda vya mafuta na vya karatasi vilivyojaa kandokando ya mto, na vyeti vya vifo vilionyesha dalili fulani za upande huo. Ndipo wachunguzi walipokwenda mahospitalini kuwahoji wagonjwa na jamaa zao, mmoja mmoja, juu ya kazi, chakula na uvutaji, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 1988 sigara ikasimama mbele tena, ikifuatwa na ulaji mwingi wa nyama ya nguruwe hasa miongoni mwa Wakejuni, ilhali waliokula matunda kwa wingi walionekana kuwa na hatari ndogo. Ramani ilisema mahali pa kutazama, watu waliohojiwa wakasema sababu. Naona hiyo ndiyo adabu ya kazi hii: ramani haistahili kuaminiwa mpaka mtu ashuke aende akaongee na wenyeji.

Tena ramani huweza kudanganya kwa udogo wa idadi. Chukua wilaya yenye watu 2,000. Mwaka huu hakufa hata mmoja kwa saratani ya kongosho, na kiwango chake ni sifuri, wilaya njema kuliko zote nchini. Mwaka ujao afe mzee mmoja tu, kiwango kitakuwa 50 kwa kila watu 100,000, ambacho hakuna taifa duniani linalokifikia. Mzee huyo hakuleta ugonjwa mpya wala maji ya kisima hayakuharibika. Ndiyo maana wanahisabati wa afya hukusanya miaka mingi pamoja, au huazima nguvu kutoka wilaya jirani kabla ya kupaka rangi, na mwandishi wa gazeti anayekimbilia kutangaza kijiji cha saratani kwa vifo vitatu vya mtaa mmoja hutia watu hofu asiyoweza kuwaondolea.

Lakini kosa kubwa zaidi ni la upande wa pili, nalo ndilo letu. Fikiri jinsi kifo kimoja kinavyopotea. Mzee wa miaka 66, wa kijiji cha pwani, anaanza kukondeana na kukosa hamu ya kula. Kwenye duka la dawa anauziwa dawa ya vidonda vya tumbo. Baada ya mwezi mkojo wake unakuwa wa rangi ya chai, choo kinapauka, mwili unawasha, na macho yanakuwa manjano. Zahanati inamwambia ni ini, jirani anasema ni mkono wa mtu, na mganga anamtwalia vyake. Anapofikishwa hospitali ya mkoa hakuna mashine ya kumpiga picha ya kongosho, au iko na imeharibika, au iko nzima lakini gharama yake inashinda mavuno ya mwaka. Watoto wanashauriana na mama yao: "Mama, tumpeleke Baba Dar es Salaam?" Naye anajibu kwamba baba yao ameomba arudishwe nyumbani. Anafariki kitandani pake, anazikwa siku ileile kama dini inavyoamuru, na kama kifo hicho kitaandikwa popote, kitaandikwa kuwa ni maradhi ya ini, au uzee. Mzee huyu hamo katika ramani yoyote ya saratani ya kongosho, na wilaya yake itaonekana kuwa salama.

Hatukukosa watangulizi wa kazi hii. Kampala ilifungua daftari la saratani mwaka 1951, miongoni mwa za mwanzo barani, na takwimu zake zilichapishwa pamoja na za mataifa mengine mwaka 1966. Vurugu za miaka ya 1970 zikalikatiza daftari hilo, likafufuliwa baadaye. Chuoni Makerere, tabibu A. G. Shaper alikwisha kuandika katika mwanzo wa miaka ya 1960 juu ya kongosho lililoharibika kwa vijana wasiopata chakula cha kutosha, maradhi ya nchi za joto yaliyoonekana pia Indonesia na Kerala, India, ambako wenye nayo walidhihirika baadaye kuwa na hatari kubwa mno ya saratani. Eldoret na Nairobi zina daftari zao, Moshi nayo, na taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyomo katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwishoni mwa karne ya 19, hupokea wagonjwa wa nchi nzima. Hata hivyo daftari la mji si daftari la taifa, na daftari la hospitali humjua tu aliyefika hospitalini.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba Afrika ya Mashariki ina kiwango cha chini, nakubali kwamba sehemu ya habari hiyo ni kweli, kwani wazee wetu wengi hawakuvuta sigara kwa wingi wala hawakunenepa, lakini sioni ndani yake amani ya kudumu. Kisukari kinaongezeka Dar es Salaam, Mombasa na Unguja machoni pa kila mtu. Wazee wanaongezeka. Tumbaku inalimwa Tabora na Urambo, na Migori upande wa Kenya, na vijana wa mijini wanavuta. Sheria zimetungwa, Tanzania mwaka 2003, Kenya mwaka 2007, Uganda mwaka 2015, na zikitekelezwa kwa kodi na kwa kukataza matangazo, matunda yake ya kongosho yataonekana miaka 20 baadaye, kama yalivyoonekana kwa wanaume wa Marekani na Uingereza. Hakuna daktari mpasuaji awezaye kutuokolea watu wengi kiasi hicho.

Ama tiba, imepiga hatua ndogo zisizostahili kudharauliwa. Marekani, waliofikia miaka mitano tangu kugunduliwa walikuwa 3 katika 100 katikati ya miaka ya 1970, na sasa ni 13. Mji wa Onomichi, katika mkoa wa Hiroshima, Japani, ulianzisha mwaka 2007 mpango ambao madaktari wa mitaani huwapeleka hospitali kuu, kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, wale wenye dalili za kuwatia shaka, kama kisukari kilichoanza ghafla, uvimbe wa kongosho wa zamani au jamaa waliokufa kwa maradhi haya. Na uhai wa wagonjwa wa mji huo ukapita wastani wa taifa. Mpango huo haukutaka dawa mpya, ulitaka madaktari wa chini na wa juu wawe na mazungumzo.

Hilo linawezekana kwetu pia. Mganga wa zahanati akimwona mtu aliyepita miaka 50 ambaye kisukari kimemwanza ghafla huku anakonda, au ambaye macho yamekuwa manjano bila maumivu, na asimtibu ini kwa kubahatisha bali amwandikie barua ya rufaa siku hiyohiyo. Mwandishi wa vyeti vya vifo naye aache kuandika uzee kuwa ni sababu. Na wizara zetu zikilipia daftari za saratani katika mikoa ya pwani, ya ziwa na ya nyanda za juu kama zinavyolipia sensa, baada ya miaka kumi tutakuwa na ramani tunayoweza kuiamini. Nawasihi wasomaji wenye wazazi wazee wasikubali jibu la vidonda vya tumbo kwa mtu anayekonda mwezi baada ya mwezi, na waombe apigwe picha.